Mlio Niliouzima Darajani

Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu, nilimpoteza ndugu yangu mkubwa. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikufa kando ya gari lake kwenye daraja dogo chini ya mteremko wetu, saa kumi jioni hivi, akiwa peke yake.

Mimi si mtu wa maneno. Shule niliiachia darasa la nane. Baadaye nilishika spana katika gereji ya shamba moja kubwa la chai kwa miaka sita, kisha nikarudi nyumbani nikawa mkulima kama wengine. Lakini watu bado huniita fundi, na gari likianza kukohoa upande wetu huletwa kwangu.

Ndugu yangu alikuwa na pikapu ya zamani, ya petroli, yenye kabureta, rangi yake ya maziwa imepauka. Alibeba majani chai ya majirani hadi kituo cha kununulia kilicho ng'ambo ya bonde, karibu na barabara ya Kapkatet. Kati yetu na kituo kuna mteremko mrefu, kijito, daraja la zege, kisha mpando. Mtu mwenye kikapu mgongoni hutembea saa nzima. Pikapu ilichukua dakika ishirini. Majani yakikaa sana kwenye gunia hupata joto na kuwa mekundu, na karani wa kituo akiyaona hivyo huyarudisha. Lori la kiwanda nalo halingojei mtu.

Siku ile nilikuwa nachuma chai yangu kule juu. Jirani alinipigia simu.

"Kuja," alisema.

"Kuja wapi?"

"Daraja. Wewe kuja tu."

Nilikimbia na kikapu mgongoni. Sikukumbuka kukivua mpaka nilipofika.

Boneti ilikuwa wazi. Magunia yote ya majani yalikuwa yameshushwa na kupangwa kando ya barabara, mawili mawili, kwa unadhifu, vile alivyopanga kila kitu maishani mwake. Jiwe lilikuwa limewekwa nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi. Yeye alikuwa amelala ubavu karibu na gurudumu hilo, shavu kwenye changarawe, viganja vyake vyekundu kwa matope ya mlango wa nyuma aliokuwa akiusukuma. Jirani aliyenipigia alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi.

Nilipiga magoti nikaweka sikio kifuani mwake. Nikasikia kitu kinagonga. Tik tik tik tik, haraka, sawasawa. Kwa muda ambao siwezi kuupima niliamini ni moyo wake. Nilimwambia jirani, "Yuko hai." Nililisema hilo kwa sauti, na jirani akaanza kukimbia kutafuta gari jingine.

Kisha nikainua kichwa na mlio ukawa bado upo. Ulikuwa unatoka kwenye pikapu. Ilikuwa pampu ya mafuta. Injini ilikuwa imezima lakini ufunguo uliachwa umewashwa, kwa hiyo pampu iliendelea kugonga. Harufu ya petroli ilikuwa kali. Nikaingiza mkono dirishani nikazima. Pakawa kimya, nikasikia maji ya kijito.

Sikufikiria chochote kuhusu mlio ule. Nauandika hapa kwa sababu mkono wangu ndio uliouzima, na ilinichukua karibu miezi miwili kuelewa nilichokuwa nimezima.

Daktari aliyempasua alisema ni moyo. Mshipa mmoja ulikuwa umeziba na kazi nzito ikausimamisha. Aliniuliza, "Alikuwa akifanya nini?" Nikasema alikuwa akisukuma gari. Aliandika bila kuinua uso.

Tulimzika Jumatano iliyofuata, kwenye ukingo wa chai yake. Watu walipokwisha kutawanyika, mke wake alikaa nasi jikoni kwa mama. Alikuwa hajasema kitu tangu Alhamisi. Mama alimpa kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilimpigia mara tatu."

Aliendelea.

"Nilikuwa kituoni nangoja. Ya kwanza nikamwambia lori limefika. Ya pili nikamwambia karani ameanza kupima. Ya tatu nikamwambia, 'Wewe unalala hapo? Watu warudi na majani yao?' Akasema, 'Imekataa tena, nasukuma.' Nikamwambia, 'Sukuma basi.'"

Mama alisema, "Mtoto wangu, usiseme hivyo."

"Ndivyo nilivyomwambia. Sukuma basi. Halafu nikakata simu."

Tangu siku hiyo hakuigusa simu yake. Aliifunga kwa kitambaa cheupe, cha mkono, akaiweka kwenye kabati pamoja na sahani. Binti yake, ambaye ni mtu mzima na alikuwa amerudi nyumbani kukaa naye, aliniambia simu ililia mle kabatini siku mbili mpaka chaji ikaisha. Chai haikuchumwa. Jumapili ya tatu alisimama kanisani, wakati akina mama wanaomba mmoja mmoja, akasema mbele ya watu kwamba alimuua mume wake kwa mdomo. Mchungaji alimkalisha kwa upole. Wiki iliyofuata hakwenda kanisani, na nyingine pia. Alikuwa akikonda mpaka gauni likampwaya.

Mimi nilimwonea huruma. Nilikuwa namwonea huruma kama mtu ambaye hayumo.

Lazima niseme sasa habari ya pampu.

Pampu ya asili ya gari lile iko ubavuni mwa injini. Injini ikizunguka, nayo inasukuma mafuta. Injini ikisimama, nayo inasimama. Mwanzoni mwa mwaka mpira wake wa ndani ulipasuka. Nilienda Kericho mjini kwa mzee mmoja muuza vipuri, mtu aliyekuja kutoka Nyeri zamani sana na anayejua kila nati kwenye duka lake ilitoka gari gani. Hakuwa na pampu kama ile. Aliniwekea mezani moja ya umeme, iliyotumika, ndogo kama kopo la maziwa.

"Hii itafanya kazi," alisema. "Lakini inasukuma sana. Kabureta ni kama mtoto, haitaki kulishwa kwa nguvu. Chukua na hii." Akaweka kando yake kifaa cha kupunguza presha, cha shaba, chenye kitasa cha kuzungusha juu.

"Hiyo sihitaji. Nitarekebisha kwa floti."

"Floti haiwezi hii."

"Mzee, mimi ni fundi."

"Nimekuona. Hata mikono yako ni ya fundi. Utarudi."

"Sitarudi."

"Sawa. Mimi siendi mahali," akasema, na watu wawili waliokuwa wakingoja nyuma yangu wakacheka.

Sikukikataa kile kifaa kwa sababu ya pesa. Ndugu yangu alikuwa amenipa za kutosha na kubaki. Nilikikataa kwa sababu ya wale watu wawili. Sikutaka wasikie nikifundishwa.

Nilifunga pampu, nikavuta waya kutoka kwenye swichi ya ufunguo, basi ukiwasha ufunguo inaanza kugonga. Ndani ya kabureta kuna floti, kama boya dogo la shaba. Mafuta yakijaa linapanda na kusukuma sindano inayoziba njia. Nilikunja ulimi wa floti kidogo ili lizibe mapema. Nikawasha. Gari likanguruma vizuri kuliko zamani. Ndugu yangu aliniletea jogoo.

Baada ya wiki mbili alikuja kwangu.

"Fundi wangu, pikapu yako inanichezea."

"Imekuwa yangu tangu lini?"

"Tangu ianze kunichezea. Nikifika darajani inazima, inanuka petroli, haitaki kuwaka. Ngoja ngoja ngoja, halafu watu wanasukuma."

Nilienda kwake. Nikalijaribu uani. Lilishika mara ya kwanza. Nikafungua plagi, zilikuwa nyeusi kidogo, nikazisafisha. Nikalizungusha uani mara tano. Hakuna kitu.

"Hapa halikatai," nilimwambia. "Linakukataa wewe tu. Unakanyaga mafuta kama mtu anayeua siafu."

Akacheka sana. Alikuwa mtu wa kucheka. "Basi njoo siku moja ukae nalo pale darajani, mzungumze nyinyi wawili."

Alinilalamikia tena mara mbili. Mara zote nilienda uani kwake, na mara zote lilishika. Darajani sikwenda. Kutoka kwangu hadi daraja lile ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

Katika ukoo wetu vitu vya marehemu havishikwi mpaka watu wa nyumbani wakae na kusema nani ashike kwanza. Pikapu ilikuwa imevutwa kwa trekta hadi nyumbani na kusimama chini ya msaiprasi, majani makavu yakijaa kwenye kioo. Mwanzoni mwa mwezi wa tano tulikaa. Baba mdogo alisema, "Wewe unayemfuata ndiye utashika gari. Majirani wanabeba majani kwa mgongo, hiyo si sawa. Litengeneze." Mke wa ndugu yangu alikuwepo. Alisema, "Apewe. Mimi sitaki kuliona." Hakuniangalia.

Nililitengeneza kwa bidii ambayo sikuitumia alipokuwa hai. Nilifungua kabureta yote juu ya gunia safi. Nililitikisa floti sikioni kusikia kama limeingia mafuta ndani, lilikuwa kavu. Niliweka sindano mpya. Nilipuliza kila tundu. Plagi nilitoa zikiwa zimelowa na nyeusi kama makaa, nikaweka mpya. Liliwaka.

Nikaanza kubeba majani. Siku ya kwanza nilikaribia daraja, nikalipita. Siku ya pili nikalipita. Wiki nzima sikuzimikiwa hata mara moja. Watu kituoni walinitania.

"Gari imejua mwenyewe amekufa, imeshika adabu," alisema mmoja.

Wazee wawili walisema kwa sauti ya chini kwamba kilichokuwa kinalishika pale darajani kilimtaka yeye, na sasa kimeshiba. Sikuyapenda maneno hayo. Mimi nilijua sindano mpya haikuwa sababu. Ile ya zamani nilikuwa nimeikagua na ilikuwa nzima.

Jumanne ya wiki iliyofuata mama mmoja jirani aliomba kupanda mbele kwa sababu ya goti lake. Ni mwanamke mkubwa, mwenye maneno mengi, aliyenijua tangu nikiwa natambaa. Tulipoanza kushuka alinitazama miguu, akanitazama uso.

"Wewe unaenda wapi na hiyo kelele yote?"

"Kelele gani, mama?"

"Si injini! Kwa mteremko! Unamchomea nani petroli? Hii barabara inakubeba bure."

"Hivi ndivyo gari linavyoendeshwa."

"Na nani? Ndugu yako akifika hapo kwa kanisa alikuwa anatoa gia, anazima, tunashuka kimya kama wezi. Mpaka chini. Hata kuku walikuwa hawatusikii. Alimkanyaga kuku mmoja wa shemeji yangu."

"Alikuwa anazima injini?"

"Kila siku. Wewe hujui, na ni ndugu yako?"

"Hakuniambia."

"Akwambie nini? Wewe ukienda choo unapigia watu simu?"

Alikuwa sawa. Huku kwetu kila mwenye gari la zamani huzima kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Hata mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, mpaka gereji ya lile shamba waliponipiga marufuku kwa sababu ya breki. Hakuna anayelitaja. Ndugu yangu alinieleza kila kitu kuhusu ugonjwa wa gari isipokuwa hilo, kwa sababu kwake halikuwa kitu.

Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka tu kushuka kama alivyokuwa akishuka. Tulipofika kwenye kanisa nilitoa gia, nikazima injini. Usukani wa gari lile hujifunga ufunguo ukirudi nyuma kabisa, na mtu akiuacha hivyo atatumbukia mtaroni kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo kila anayeshuka hivi huurudisha ufunguo mbele mara moja, usukani ufunguke. Nami niliurudisha, bila kufikiria, kama mkono unavyojua.

Tulishuka. Magurudumu yalivuma kwenye changarawe, na yule mama akasema, "Umeona sasa? Raha tupu." Tulifika chini, gari likapunguza mwendo lenyewe, likasimama karibu na daraja. Nikazungusha ufunguo. Injini ilijikokota, *wuu, wuu, wuu*, haikushika. Nikajaribu tena. Harufu ya petroli ikapanda mpaka kwenye macho.

"Hapo hapo!" alisema yule mama, akipiga goti lake zima. "Ndivyo ilivyokuwa inamfanya! Hapo hapo kabisa!"

Niliacha kuzungusha. Na katika kimya kile nikausikia.

Tik tik tik tik.

Nilitazama jiwe lililokuwa kando ya barabara. Lilikuwa lile lile, hakuna aliyelitoa.

"Mama," nilisema, "mkikwama hapa, alikuwa anafanya nini?"

"Anafungua boneti, anasema maneno yake, tunangoja. Anajaribu, tunangoja tena."

"Mkingoja, alikuwa anatoa ufunguo?"

"Ufunguo ulikuwa hapo tu. Na hiki kidude kinalia hivi hivi, tik tik, mpaka nilimuuliza kama ameweka saa ndani."

Alikuwa akingoja mafuta yakauke, na wakati huo wote pampu yangu ikiongeza mengine. Ile pampu ya asili ingekuwa imesimama pamoja na injini kule juu kanisani. Hii yangu ilishuka naye mteremko mzima ikisukuma, hakuna injini ya kuyanywa mafuta, mpaka sindano ikashindwa na presha na kabureta ikafurika. Kadiri alivyongoja kwa uvumilivu, ndivyo alivyolizidishia. Uani kwake mimi nilikuwa nawasha ufunguo na injini kwa pamoja. Nisingeuona ugonjwa huu uani hata ningejaribu mwaka mzima.

"Fundi? Umeona nini?"

"Hakuna kitu," nilisema. Katika mambo haya yote, huo ndio uongo niliousema kwa mdomo wangu.

Nilizima ufunguo kabisa. Tulikaa kama robo saa, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, nikawasha, likakohoa moshi mweusi likashika. Nilipeleka majani. Karani aliniambia kitu na sikumbuki ni nini.

Kesho yake niliazima geji ya presha kwa fundi mmoja wa Kapkatet, nikaifunga kwenye bomba la mafuta. Kabureta ile inataka presha ya paundi tatu hivi, isizidi sana. Niliwasha ufunguo bila injini. Mshale ulipita tatu, ukapita tano, ukasimama saba na nusu. Nilizima, nikawasha tena, nikitumaini geji ni mbovu. Saba na nusu.

Ningeweza kunyamaza. Ningenunua kifaa cha mzee wa Kericho, nikapitisha waya wa pampu kwenye swichi ya oili ili injini ikizima nayo ikatike, na kazi ingekuwa imekwisha. Hakuna mtu katika bonde lile ambaye angejua. Watu wangesema kilichokuwa darajani kimeshiba. Nilikaa na wazo hilo siku mbili, na sitasema lilikuwa wazo baya machoni pangu. Lilikuwa linapendeza. Siku ya pili jioni binti wa ndugu yangu alipita kwangu kuomba chumvi, nikamuuliza mama yake anaendeleaje. Akasema, "Leo amekula viazi viwili. Jana hakula." Alisema kama mtu anayeleta habari njema.

Asubuhi nilienda. Alikuwa nje akiosha mtungi wa maziwa.

"Shemeji, nina jambo la gari."

"Gari ni lako. Sitaki kulisikia."

"Ni jambo la siku ile."

Aliendelea kusugua. Kisha akasugua polepole. Kisha akaacha.

Nilimwambia kila kitu pale pale nimesimama, kofia mkononi. Nilimwambia habari ya duka na kifaa cha shaba na wale watu wawili waliokuwa nyuma yangu. Nilimwambia mara tatu ndugu yangu alipolalamika na nilivyomtania. Nilimwambia jinsi pampu inavyogonga injini ikiwa imezima. Nilisema, "Gari halikukataa kwa sababu ya haraka yako. Lilikataa kabla hujampigia. Lilikataa kule juu, mimi nililifanya likatae tangu mwezi wa kwanza."

"Rudia," alisema.

Nilirudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Nionyeshe."

Pikapu nilikuwa nimeiacha barabarani nje ya lango. Nilifungua boneti, nikatoa kifuniko cha hewa ili mdomo wa kabureta uonekane. Nilimpa kopo tupu la mafuta ya kupikia nikamwonyesha bomba dogo la pembeni ambapo petroli hutokea ikifurika. Alinirudishia kopo.

"Shika wewe. Mimi nitawasha."

Aliingia akakaa kwenye kiti cha mume wake. Hakuwa amekaa ndani ya gari lile tangu mwezi wa tatu. Aliwasha ufunguo.

Tik tik tik tik.

Nilimwona akiusikiliza. Mwanzoni hakuna kilichotoka. Halafu tone. Halafu matone yakaungana yakawa uzi mwembamba, ukaanguka ndani ya kopo, na mdomo wa kabureta ukajaa ukang'aa. Aliteremka akaja kusimama kando yangu, akatazama petroli ikitoka pasipo mtu yeyote kugusa kitu.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?"

"Hivi."

"Yule mzee alikuambia."

"Aliniambia."

"Na mwenye gari alikuambia."

"Aliniambia mara tatu."

"Na mimi nikamwambia asukume."

"Ulimwambia. Lakini alikuwa ameshaanza kusukuma. Alikuambia mwenyewe kwa simu, nasukuma."

Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kwa nyuma ghafla. Nilingoja anipige. Nadhani nilitaka anipige. Daktari alikuwa amesema mshipa ulikuwa umeziba, na huenda ungemkamata siku nyingine akiwa amebeba kuni au akipanda kwenda kanisani. Nilikuwa na maneno hayo tayari kinywani na sikuyatoa. Sijui kama ni kweli.

"Usiniite shemeji leo," alisema.

Alikwenda akazima ufunguo. Akachukua kopo mikononi mwangu, akafungua tangi, akairudisha petroli yote polepole, bila kumwaga, akaliinamisha kopo mpaka tone la mwisho likaanguka. Akafunga tangi. Kisha akauchomoa ufunguo, akaingia nao ndani, akafunga mlango. Mtungi wa maziwa ulibaki pale nje, nusu umeoshwa.

Nilifunga boneti nikarudi kwangu kwa miguu. Siku ile majani ya upande wetu yalikwenda kwa mgongo.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijanywa chai, binti yake alikuwa mlangoni. Alinipa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, nikakijua kitambaa kabla sijakishika. Ndicho kilichokuwa kimefunga simu kabatini.

"Mama amesema nikupe."

"Amesema nini kingine?"

"Hakusema. Alikuwa kwa simu, anamuuliza karani lori linakuja saa ngapi."

Nilikifungua. Ndani kulikuwa na ufunguo wa pikapu.